Mto Usiokuwamo Kwenye Tamthilia

Kasulu, 9 Februari 2025

Kaka yangu Leonidasi,

Nakusalimu wewe na wifi Vestina na wote mlio hapo Kibondo. Huku tu wazima. Mvua imezidi, maharage ya kwanza yameoza shambani, ya pili yanatia moyo kidogo. Mwanangu Claude amepata kazi ya ufundi umeme Kigoma mjini na amehama na mke wake, kwa hiyo mgahawa naendesha mwenyewe. Mwandiko wangu umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza, usishangae, ni macho. Ningekupigia simu lakini najua masikio yako hayaichukui, na meseji za vidole umezikataa.

Kabla ya kuondoka Claude alinifungia televisheni ukutani. Anasema wateja wa chai siku hizi hawakai bila picha, na ni kweli. Jumapili baada ya ibada wanajaa kutazama marudio ya ile tamthilia ya vita, ya wanajeshi wa milimani, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Tunaziba madirisha kwa vitenge ili jua lisifute picha, ndani panakuwa giza saa tisa mchana. Mimi naona vivuli vikienda na kurudi, mengine naachia masikio. Maoni yangu ni kwamba yule kapteni anaongea mno kwa mtu aliyepigwa risasi, na yule muuguzi angeolewa na daktari mapema tukapumzika. Kabla yake kuna taarifa ya habari, vita vya ng'ambo ya ziwa, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Hapo wateja wananiambia nipunguze sauti. Tamthilia ikianza wanasema niongeze. Hilo nimelifikiria sana.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita walionyesha watu wanavuka mto. Kaka, mwanaume mmoja alikuwa amebeba mlango mgongoni. Mlango mzima wa nyumba na bawaba zake. Akauweka majini, akawavusha watu wake juu yake. Mwaka wa sabini na mbili, tulipokimbia Burundi, nilikuwa na miaka mitano tu, lakini mlango wa baba naukumbuka, na baridi ya maji yakipita juu ya mbao naikumbuka. Hawa watu wa mbali, wenye theluji kwao, nani aliwasimulia? Na wewe unaitazama dukani kwa Nurudini. Uliiona sehemu hiyo?

Mdogo wako,
Kezia


Kibondo, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Kezia,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Hilali, kondakta wa basi, ikiwa na doa la mafuta ya maandazi. Vestina anakusalimu. Goti lake limetulia, ameanza tena kwenda kwaya. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo sasa yamefunga kabisa. Nikiwa nafundisha niliwaambia wanafunzi wanyamaze. Wamenyamaza.

Tamthilia naitazama bila sauti, na nakuambia vita bila sauti ni upuuzi. Watu wanafungua midomo, wanaanguka, nguo zao zimepigwa pasi. Hakuna anayejikwaa. Hakuna anayerudi kutafuta kiatu. Maiti zote zimelala chali kama wagonjwa waliopangwa wodini. Jumamosi Nurudini aliweka filamu ya mapenzi ya Dar es Salaam. Msichana alikufa hospitalini akiwa na wanja machoni na kucha zimepakwa rangi. Nurudini alilia. Mimi nilikula karanga.

Kuhusu mto: hakuna mto. Nilitazama Jumapili ile ile, saa ile ile. Kulikuwa na theluji, lori limeharibika, kapteni anaandika barua. Nilimwandikia Nurudini swali kwenye karatasi, naye ana macho na masikio. Akatikisa kichwa.

Nenda hospitali wakutazame macho. Na mambo ya baba tulimzika nayo. Mlango wenyewe ulioza kule Munanila tulikofikia.

Kaka yako,
Leonidasi


Kasulu, 23 Machi 2025

Kaka,

Salamu kwa wote. Nimefurahi kusikia wifi anaimba tena. Mjukuu wangu wa Kigoma ameota meno mawili ya juu kabla ya yale ya chini, na wazee wa kanisani wanatazamana.

Sikukujibu haraka kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika. Jumapili nyingine mbili nimekaa mbele kabisa, karibu na televisheni, hadi jirani yangu Asmahani akaniuliza kama nataka kuingia ndani yake. Mto upo. Wanarudia sehemu ile ile, kila mara wanaongeza kidogo. Ni alfajiri, kuna manyunyu. Mwenye mlango anamvusha kwanza mke wake na binti mdogo aliyevimba miguu. Nyuma, kwenye matete, anabaki mvulana amempakata mtoto mchanga, anangoja mlango urudi. Anatazama maji. Kisha anamlaza yule mtoto kwenye matete, anamfunika, anasogea hadi ukingoni mikono mitupu. Mlango unarudi. Anapanda peke yake.

Tamthilia ilipokwisha nikamuuliza Asmahani, "Yule mtoto atakufa?" Akasema, "Mtoto gani, mama Claude? Leo walikuwa mahakamani." Nikacheka ili wateja wasinione vibaya. Tangu siku hiyo nikimenya viazi nasikia maji.

Sasa nakuuliza. Tulikuwa na mdogo wetu. Mama alisema aliaga kwa homa njiani, akakataza atajwe, hata jina lake mimi silijui. Alifia wapi? Alizikwa na nani? Nimeishi miaka hamsini na minane bila kuuliza, na sioni aibu kuuliza sasa.

Kezia


Kibondo, 6 Aprili 2025

Kezia,

Sote wazima.

Achana na hiyo televisheni. Hata habari siku hizi ni za kuuza hofu: mwandishi anasimama mbele ya moshi na kofia ya chuma mpya, nyuma yake wanawake wanapita, hakuna anayewauliza majina. Watu wakishiba hofu wanaanza kuona yasiyokuwapo.

Na hata kama wangeigiza jambo hilo, wameigiza vibaya. Mtoto hafunikwi kwa sweta la shule wakati wa manyunyu. Linanyonya maji, linakuwa zito. Aliyeandika mchezo huo hajawahi kushika sweta lenye maji.

Mdogo wetu alikufa. Mama alikuambia. Usiandike tena habari hii.

Leonidasi


Kasulu, 27 Aprili 2025

Kaka,

Salamu kwa wifi. Leo sina habari za nyumbani.

Niliandika kwamba mvulana alimfunika mtoto. Sikuandika alimfunika kwa kitu gani. Nilitafuta nakala niliyoanza nayo, nikaisoma kwa lenzi, neno sweta halimo.

Nangoja.

Kezia


Kasulu, 8 Juni 2025

Kaka yangu,

Wiki sita hujajibu. Wifi amemwambia Claude kwa simu kwamba hulali chumbani, unakaa uani na redio uliyoiwasha, wewe usiyesikia. Kwa hiyo najua uko hai, na salamu zangu zinakufikia popote ulipokaa.

Nakuandikia lililotokea Jumapili, nawe ulisome ukiwa umekaa.

Watu walijaa kama kawaida. Madirisha yamezibwa. Nilikaa mbele nikisikiliza. Mto ulianza: manyunyu, matete, mwanaume na mlango. Mara umeme ukakatika. Televisheni ikazimika, feni ikasimama, friji likanyamaza. Na ile sauti ikaendelea. "Mvulana anatazama maji," ikasema nyuma yangu. "Mtoto mikononi ni mzito sasa."

Niliganda, Kaka. Nilitazama kioo, cheusi tupu. Sauti ikaendelea taratibu hadi penye kumlaza mtoto. Hapo ndipo nikagundua kitu ambacho sijui kwa nini sikukigundua mapema. Maneno yalikuwa ya Kirundi. Siku zote yalikuwa ya Kirundi, na tamthilia inasema Kiswahili. Kichwani mwangu lugha hizi mbili zinalala kitanda kimoja, na macho yangu yanapewa vivuli yajazie yenyewe.

Nikauliza, "Nani anaongea?" Ikanyamaza.

Asmahani akasema, "Ni yule mama wa kambini, anayekaa nyuma kabisa. Husema peke yake kila Jumapili. Tumemzoea."

Nilipapasa meza hadi kwake. Niliona umbo tu, na kitambaa cheupe kichwani. Nikamwambia, "Mama, unasimulia nini?"

"Nasimulia vita vyangu," akasema. "Hivi vya kwenye televisheni vina watu wa kuviigiza. Vyangu havijaigizwa na mtu, kwa hiyo naviweka juu ya picha zao."

Anaitwa Esteri. Anaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu mwaka 2015, huja mjini Jumapili kuuza sabuni za mche. Aliyemlea ni mwanamke aitwaye Niyubahwe, aliyefariki kambini mwezi wa kwanza mwaka huu. Niyubahwe alikuwa amejificha kwenye matete yale yale, amefiwa na mtoto wake siku mbili kabla, maziwa yamejaa kifuani. Mlango ulipoondoka alimchukua aliyeachwa, akarudi naye ndani ya Burundi, kwa sababu kwenye mlango hapakuwa na mtu wake. Alimsimulia Esteri kisa hicho kila mwaka. Sasa amekufa, na Esteri anakisimulia kwa sauti ili mpangilio usimpotee.

"Jina alilonipa aliyenizaa silijui," akaniambia. "Niyubahwe hakulisikia."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilimpa chai, nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa meza hadi umeme uliporudi na wale wanajeshi wakaanza tena kupigana.

Kezia


Kasulu, 29 Juni 2025

Kaka,

Hujajibu, lakini nami siachi kusalimu. Nyanya zimekomaa. Asmahani amepata mchumba, mtu wa Ujiji, mpole.

Madaktari wa macho walikuja hospitali kwa wiki moja, wamenitoa mtoto wa jicho upande wa kulia. Kitambaa kilifunguliwa Ijumaa. Mwandiko wangu wa leo unauona mwenyewe.

Jumapili nikaketi kutazama tamthilia kwa jicho jipya. Ni kama ulivyosema. Theluji, malori, nguo zilizopigwa pasi. Hakuna mto.

Kisha mlango ukafunguliwa na mama akaingia.

Mama yetu, Kaka, ambaye tulimzika mwaka 2009. Na pengo lake la mbele, na bega la kushoto likitangulia kama mtu anayepita penye watu wengi. Akaweka ndoo ya sabuni chini, akakaa nyuma kabisa, akafunga kitambaa cheupe vizuri. Birika lilinitoka mkononi. Watu waliruka kwa sababu ya maji ya moto, mimi sikuhisi kitu.

Wateja walipoondoka nilimwambia Esteri yote. Hakulia. Aliuliza, "Yule mvulana yuko hai?"

Nikasema yuko hai, yuko Kibondo, alikuwa mwalimu, masikio yake hayasikii tena.

"Macho yake je?"

Nikasema yanaona.

"Basi aje anione. Jina langu nitalipokea kwake."

Ameandikishwa kurejea Burundi na msafara wa tarehe 22 Julai, kwenda kumwonyesha bibi mmoja mzee wa ukoo wa Niyubahwe picha ya kaburi lake. Baada ya hapo sitajua pa kumpata. Sasa uamuzi ni wako.

Kezia


Kibondo, 6 Julai 2025

Kezia mdogo wangu,

Salamu. Vestina ndiye aliyeniletea meza uani na kuniambia kwa mkono, andika. Kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba aliwavusha wewe na mama kwanza kwa sababu miguu yako ilikuwa imevimba. Akaniambia nikae kwenye matete na mtoto hadi arudi. Nilisikia askari upande wa juu. Mtoto akaanza kulia. Kulikuwa na watu wazima wamejificha karibu, wakaninong'oneza nimnyamazishe au niende naye mbali, la sivyo tutauawa sote. Nilijaribu. Hakunyamaza. Wakaniambia nimwache. Nikamfunika kwa sweta langu la shule, nikaenda ukingoni. Baba aliporudi nikamwambia amekufa. Alinitazama, akaniambia nipande. Ng'ambo mama alinyoosha mikono, nikatikisa kichwa, akaishusha. Hakuuliza alikufaje, wala amelala wapi. Hakuuliza siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Tulikula meza moja miaka thelathini na saba.

Nitakuambia na hili, maana nimechoka nalo. Masikio yangu hayasikii redio wala kengele ya kanisa, lakini kuna pumzi ya mtoto mchanga karibu na shingo yangu, hapa kushoto, na hiyo naisikia. Ndiyo sababu ya redio. Nilitumaini siku moja itaifunika.

Jumapili ijayo nitakuja na basi la asubuhi.

Leonidasi


Kibondo, 3 Agosti 2025

Kezia mdogo wangu,

Nilifika salama, na Vestina anashukuru kwa nyanya. Nurudini ameniuliza mbona sijarudi kutazama mwisho wa tamthilia. Amenieleza kwa mikono: kapteni ameoa. Nimemwambia ni vizuri.

Umeniuliza kilichopita kati yangu na yeye ulipotuachia chumba cha nyuma ukafunga mlango, na kwa nini daftari lako la jikoni limechanwa ukurasa. Nilipokuwa kwako sikuweza kusema.

Ulinionya, lakini hakuna onyo linalotosha kwa uso ule. Nilikaa mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Yeye alikaa akinitazama muda ambao sikuupima. Kisha akatoa barua yangu ya tarehe sita Julai. Sikukasirika kwamba ulimpa. Akaweka kidole kwenye mstari ule, mtoto akaanza kulia. Akavuta daftari, akaandika pole pole, kwa herufi za mtu aliyejifunza ukubwani:

"Nilikuwa nalia?"

Kezia, jibu lilikuwa tayari. Nimelibeba tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nimelisema moyoni mara nyingi hadi askari wakaja, hadi watu wazima wakaja wakaninong'oneza. Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Akawa ananitazama kwa macho ya mama, yale ambayo hayakuuliza. Na hapa shingoni ile pumzi ikawa karibu sana, ya mtu aliyelala, polepole, haina shida yoyote.

Nikasema hapana.

Nikasema kwa sauti, sijui ilikuwa kubwa au ndogo. Nilimwambia hakukuwa na askari asubuhi ile. Hakuna mtu aliyeninong'oneza chochote. Nikamwambia: ulikuwa umelala mikononi mwangu. Niliutazama ule mlango ukivuka na mama na Kezia, nikaona maji yanapita juu yake, nikafikiri hautatubeba wawili. Mikono ilikuwa imechoka. Niliogopa maji. Hiyo ndiyo sababu, nyingine sina.

Alivuta tena daftari. Kisha akaandika maneno mawili ya Kirundi, akanigeuzia daftari. Yari asinziriye. Alikuwa amelala. Chini yake akaongeza: "Ndivyo Niyubahwe alivyonisimulia kila mwaka. Alikuwa hatua kumi kutoka kwako. Ungesema nililia, ningeondoka bila jina."

Alikuwa anajua tangu mwanzo, Kezia. Hata alipokuwa anaisoma ile barua yangu ya uongo.

Nikamwambia jina. Nilitazama midomo yake ikilijaribu, mara ya kwanza kwa shaka, mara ya pili vizuri. Akaniomba niliandike. Nikaliandika na mwaka aliozaliwa, akauchana ukurasa, akaukunja, akautia ndani ya kitambaa chake. Hakunipa mkono. Alipofika mlangoni alisimama, akanionyesha kwa kidole shingoni, upande wa kushoto, kama anayeuliza kuhusu lile nililoandika. Nikamwambia bado ipo. Akaitika kwa kichwa, akatoka.

Msafara umepita, Hilali aliyaona mabasi yakielekea mpakani. Ile pumzi haijaondoka. Ila redio nimeizima, na nimerudi kulala ndani.

Wewe umekaa miaka yote hii bila kulijua jina, na Jumapili ile uliona haya kumuuliza. Mdogo wetu anaitwa Akimana.

Kaka yako,
Leonidasi